Nani Anampigia Makofi Fundi wa Lifti?

Jumapili, tarehe 4 Mei

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nilikwenda nikiwa na moyo mweupe. Nimerudi nao ukiwa na rangi nyingine.

Shemeji alikuwepo. Yaani mdogo wake mke wangu, rubani wa ndege. Mama mkwe hamwiti tena kwa jina alilompa mwenyewe siku hizi, anamwita Kapteni. Kapteni, ongeza mchuzi. Kapteni, sogea huku upepo ukupate. Mimi naitwa "baba", na feni imegeuziwa upande mwingine.

Mama mkwe akaanza. Jirani yake alisafiri juzi na ndege ya Kapteni. Ilipotua, abiria wakapiga makofi. Wote! Halafu mlangoni wakapanga foleni kumwambia asante, na mmoja akamshika mkono akatokwa na machozi. Hapo mama mkwe naye akatokwa na machozi, na hata hakuwemo kwenye ndege.

Ningenyamaza. Mke wangu siku zote anasema ningenyamaza. Lakini mdomo ulishafunguka. Nikauliza, kwa heshima zote, makofi ya nini? Mtu kaajiriwa kurusha na kutua. Karusha, katua. Angefanya nini kingine? Abaki huko huko juu?

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Nikaendelea, kwa faida ya wote. Nikasema mimi ni fundi wa lifti kwenye jengo la ghorofa kumi na moja. Nawapandisha watu na kuwashusha kila siku iendayo kwa Mungu, wanasheria, wahasibu, wagonjwa, na mabegi yao, na hajatokea hata mmoja akageuka akasema asante, fundi. Wananikumbuka siku lifti ikikwama. Siku hiyo wananipa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mama mkwe akaweka kijiko chini polepole.

"Baba," akasema, "lifti ina kamba. Ndege haina kamba."

Meza nzima ikaangua kicheko. Hata mke wangu! Nikaeleza kwamba si kamba, ni nyaya za chuma, na kwamba kuna breki, na kwamba upande wa pili kuna uzito wa kusawazisha, bila huo uzito... Walikuwa wameshahamia kwenye matunda.

Kapteni alitabasamu tu. Tabasamu la mtu aliyezoea kuyatazama mawingu kwa juu.

Haya. Jumamosi tunasafiri sote kwenda kwenye arusi ya binamu yake mke wangu, na Kapteni ndiye atakayerusha ndege. Nimekula kiapo. Sitapiga makofi. Sitasema asante. Na kabla ya siku hiyo, kuna mtu atanishukuru mimi. Atake asitake.

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Nimeling'amua jambo lote nikinyoa ndevu. Rubani anashukuriwa kwa sababu anajitangaza. Ana shati jeupe. Ana kipaza sauti. Anasimama mlangoni watu wakishuka. Fundi wa lifti ana ovaroli la grisi na anaishi darini kama popo. Nani amshukuru popo?

Shati jeupe lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, limeshapigwa pasi. Nikalivaa.

Saa ya watu kuingia kazini nikajipanga ndani ya lifti. Wakaingia. Nikakohoa kidogo. Nikawakaribisha rasmi, nikawajulisha kwamba tunaelekea ghorofa za juu, kwamba hali ya hewa njiani ni shwari, na kwamba wakae mbali na milango mpaka lifti isimame kabisa. Tulipofika nikasimama pembeni, mikono nyuma, nikasubiri.

Wakapita. Mmoja akaniangalia viatu.

Safari iliyofuata akaingia wakili wa ghorofa ya sita, mama mmoja ambaye hata akikusalimu unahisi unahojiwa. Akaniuliza kama lifti ina tatizo. Nikamhakikishia ni nzima kabisa. Akauliza, kama ni nzima, fundi anafanya nini ndani? Nikasema nipo kwa ajili ya usalama wao tu. Akabonyeza kitufe cha ghorofa ya pili, akashuka, akashika ngazi.

Wakili si mtu wa kukaa na habari. Kabla ya mchana jengo zima lilikuwa kwenye ngazi. Maelezo yalikuwa yameshakamilika: nyaya zimechakaa, na meneja amemlazimisha fundi apande na watu ili ikianguka aanguke nayo. Nikawa napanda na kushuka peke yangu, nikizitangazia kuta hali ya hewa.

Meneja wa jengo akaniita ofisini kwake, ghorofa ya kumi. Naye alikuwa amepanda kwa miguu. Aliniashiria nisubiri. Akahema. Akanywa maji. Akahema tena. Ndipo akaniuliza nina akili gani.

Hata yeye hakuona kwamba lifti ilifanya kazi vizuri kutwa nzima.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Waziri ananitia hasira. Waziri ni mlinzi wa mlango wa mbele. Tumempa jina hilo kwa jinsi anavyosimama. Leo nimemchunguza asubuhi yote huku najifanya nasafisha reli ya mlango wa lifti. Kila anayeingia anamwambia asante. Asante, mzee. Asante, Waziri. Ubarikiwe sana. Kwa lipi? Anafungua mlango! Mlango wa kioo ambao hata paka angeusukuma! Mimi namchukua mtu yule yule, namnyanyua mpaka anaona mapaa ya mji mzima, na anachonipa ni mgongo.

Nikamwendea. Nikamuuliza, kama wanaume wawili, siri ni nini. Akanyoosha kola, akasema hakuna siri, ni kipaji tu, na kwamba si kila mtu amejaliwa. Nikamwambia asante kwa ushauri. Nilisema kwa kejeli. Akajibu karibu sana, kama vile amestahili!

Basi nikabuni tangazo. Herufi kubwa, kalamu nzito, nikalibandika juu ya vitufe: UMEFIKA SALAMA. MSHUKURU FUNDI.

Baada ya chakula cha mchana mtu alikuwa ameshakata neno "fundi" akaandika "Mungu". Umefika salama, mshukuru Mungu! Wale wachache walioanza kurudi kwenye lifti wakasoma, wakatazamana, wakatoka. Mhasibu mmoja wa ghorofa ya nane, mwenye mwili wake, akaniambia samahani, yeye bado ana watoto wadogo.

Meneja akaniita tena. Safari hii hakuhema sana, ameanza kuzoea. Akasema likibandikwa tangazo jingine nami nitabandikwa nje.

Jioni mke wangu akaniuliza nimenuna nini. Nikamweleza kila kitu. Akasema anaelewa vizuri sana. Yeye anauza dawa miaka yote hii, na mtu akipona harudi dukani kumwambia. Nikamwomba asibadilishe mazungumzo.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Nimepata! Sijui kwa nini sikuliona mapema.

Kwa nini watu wanamlilia rubani? Kwa sababu waliogopa. Pasipo hofu hakuna asante. Jumatatu watu wa jengo letu waliogopa, sawa, lakini waliogopea nje. Kosa lilikuwa hapo. Inatakiwa waogope wakiwa ndani.

Kesho mama mkwe anakuja kwa daktari wa macho, ghorofa ya saba, kuchukua miwani mipya ya kuvaa arusini. Kapteni anamsindikiza. Wote wawili! Nimeletewa mpaka mlangoni!

Mpango ni huu. Wao wanaingia kwenye lifti. Mimi nipo juu ya paa, kwenye chumba cha mashine. Nazima swichi kuu, lifti inasimama karibu na ghorofa ya nne. Nawaacha kidogo wapate joto. Nashuka mbio, nawaita kupitia mlango kwa sauti nzito, "Msiogope, mimi nipo." Napanda, nawasha, nashuka kuwapokea. Mama mkwe anadondokea mikononi mwangu. Na Kapteni? Abiria. Abiria kama begi!

Hatari haipo kabisa. Breki zangu zinang'ang'ania kama kupe. Nimemwomba Waziri anipigie simu wageni wangu wakiingia. Akauliza kwa nini. Nikasema ni heshima kwa mkwe. Akasema naanza kujifunza.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nilivaa shati jeupe. Waziri akapiga simu. Nikavuta pumzi, nikasubiri, nikazima. Kimya kizuri ajabu. Nikatoka mbio kwenda kuwa shujaa.

Upepo wa paani ukaubamiza mlango nyuma yangu. Klak!

Ufunguo ulikuwa ndani. Simu ilikuwa ndani, juu ya sanduku la vifaa. Swichi ilikuwa ndani.

Nikajiambia tulia, meneja ana ufunguo wa akiba, hautoki kwenye mkanda wa suruali yake. Nikashuka ghorofa ya kumi. Ofisi imefungwa. Katibu wake akasema bosi alishuka kwa miguu kwenda kunywa chai, lakini alisema kurudi atapanda lifti, magoti yamechoka kuwa na wasiwasi.

Nikakaa kwenye ngazi. Nikainuka. Nikakimbia.

Ghorofa ya nne nikachokonoa mlango kwa bisibisi mpaka ukaachia upenyo. Kwa chini nikaona paa la lifti na sehemu ya juu ya mlango wake, umefunguka kidogo. Nilitegemea vilio. Badala yake nikasikia sauti moja, nzito, tulivu kama inatoka kwenye kipaza sauti. Mabibi na mabwana, tumesimama kwa muda. Mtaalamu yuko njiani. Tupumue taratibu, wote pamoja.

Kapteni! Anatangaza! Ndani ya lifti yangu!

Nikasema nilichopanga kusema. "Msiogope, mimi nipo!"

Kutoka ndani mama mkwe akajibu, "Ndiyo maana naogopa."

Nikaomba ufunguo wa meneja. Meneja, naye amekwama mle ndani, akauliza ufunguo upi. Nikasema wa chumba cha mashine. Akauliza wangu uko wapi. Nikasema umo ndani ya chumba cha mashine. Akauliza ulifikaje humo bila mimi. Nikasema kwa heshima kwamba huu si wakati wa maswali. Mkono ukapenyezwa juu na ufunguo, na hata mkono ule ulikuwa umekasirika.

Nikapanda mpaka juu ya paa. Nikawasha. Nikashuka mpaka ghorofa ya saba. Nilifika mapafu yakiwa mdomoni, na korido ilikuwa imejaa. Wakili, mhasibu, wagonjwa wa daktari wa macho, wote. Wanapiga makofi. Nikainua mkono kuwapokea.

Walikuwa wanampigia Kapteni.

Kupigiwa makofi kwa kukaa kwenye lifti iliyozimwa! Alifanya nini? Alikwama! Kila mtu mle ndani alikwama!

Halafu nikamwona mama mkwe. Alikuwa kwenye kiti cha daktari, wanampepea kwa faili, kile kitambaa cha kupimia presha kimemkaza mkono. Presha ilikuwa imepanda. Imepanda kweli. Miwani yake ya zamani ilikuwa imekaa upande. Sikuipenda picha ile. Nikataka kumletea maji. Kapteni alikuwa ameshaleta.

Meneja akanivuta pembeni. Akauliza lifti ilikuwa na nini. Nikasema hitilafu. Akauliza hitilafu ya wapi. Nikasema ya juu. Akanitazama kichwani kwa muda, akasema nikiwa huko arusini ataleta fundi mwingine aitazame hiyo hitilafu ya juu.

Nyumbani mke wangu hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniuliza swali moja tu: ni fundi gani anapanda kutengeneza lifti na shati jeupe? Akasema mama yake ndiye mzazi pekee aliyebaki naye, na siku presha yake ikipanda tena kwa ajili yangu, nitafute mlango mwingine wa kutundikia mashati. Akaenda jikoni akafungua bomba ili nisimsikie. Nilimsikia. Nikasimama mlangoni nikitafuta maneno. Yaliyonijia yote yalikuwa kuhusu breki.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Yaliyopita yamepita. Ila kiapo ni kiapo.

Ndege ilijaa. Mke wangu na mama yake walikaa mbele, sauti ya Kapteni ilipotoka kwenye spika mama mkwe akageuka kutazama kama abiria wote wamesikia. Mimi nilikuwa nyuma, pembeni ya bwana mmoja mwenye mikono misafi sana. Daktari wa meno. Nikamuuliza kama amewahi kupigiwa makofi. Akanigeukia mwili mzima. Hajawahi! Anang'oa jino lililomtesa mtu mwezi mzima, na mtu anatoka ameshika shavu, anamwangalia kama mwizi!

Nimepata ndugu! Nikamweleza msimamo wangu. Akaupokea kama maji ya baridi. Akamgeukia mama wa nyuma yetu, mwalimu wa hesabu, naye akasema hajui asante inafananaje. Mwalimu akawaambia wa nyuma yake. Tulipoanza kushuka, nusu yangu ya ndege ilikuwa imekubaliana: ndege ikitua, mikono mapajani. Si kwa chuki. Kwa haki tu.

Wingu likatumeza.

Ndege ikatikisika kama gunia juu ya baiskeli. Ikaporomoka ghafla. Nikaiona ardhi dirishani, karibu, imelala upande. Nikasema sasa tunatua. Hatukutua! Injini zikanguruma, pua ikaelekezwa mbinguni, tukapanda tena. Mtu akapiga yowe. Nimeambiwa ni mimi.

Sauti ikatoka kwenye spika. Mabibi na mabwana, upepo wa pale chini haukuturidhisha, tumeona ni vizuri tuzunguke kidogo na kujaribu tena. Hivyo tu! Kama mtu anayerudisha kikombe chenye ufa!

Nilikuwa nimeshika mkono wa daktari wa meno. Naye alikuwa ananishika wangu kwa nguvu ya kung'olea magego. Mbele, mama mkwe alikuwa anaomba kwa sauti, akimtajia Mungu majina yetu, na nikasikia akimtaja na mkwewe. Nikatafuta nyaya. Nasema kweli, nilitazama juu kutafuta nyaya. Hakuna nyaya. Hakuna kitu huko juu. Wala chini.

Tukashuka mara ya pili. Tikisi, tikisi, kishindo, breki. Tukasimama.

Kimya. Ndege nzima, mikono mapajani. Kampeni yangu imefaulu! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mpango umefaulu kama nilivyoupanga!

Na hapo nikasikia mtu anapiga makofi. Peke yake, kwa nguvu, huku analia. Nikageuka kumtafuta msaliti. Ilikuwa mikono yangu. Nilikuwa nimejaribu kusimama nikiwa bado nimefungwa mkanda, napiga kelele asante Kapteni, asante baba, asante! Daktari wa meno alinitazama kama nimemng'oa jino yeye. Halafu naye akaanza. Halafu ndege nzima.

Mlangoni nikamkumbatia Kapteni mpaka kofia ikamdondoka. Nikasema asante mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima. Akainama karibu na sikio langu.

"Shemeji, mimi ndiye nikushukuru kwa jana. Lifti zinanitisha tangu nikiwa mdogo. Yale maneno nilikuwa najiambia mwenyewe. Niliposikia sauti yako pale juu ndipo nikaweza kupumua."

Sikujua pa kuweka uso. Nikamuuliza, haya makofi yote basi? Akacheka. Akasema marubani hawayasikii kabisa. Mlango wa chumba chao ni mzito. Anayeyasikia ni mama.

Nimeshukuriwa! Na rubani! Kwa hiari yake!

Lakini niliposhuka ngazi nikafikiri vizuri. Ndege nyingine ilikuwa inanguruma pale pale. Mke wangu alishatangulia. Mama mkwe alikuwa anatafutiwa kiti. Hakuna aliyesikia. Asante isiyo na shahidi ni asante gani?

Jumapili, tarehe 11 Mei

Arusi. Nilitulia mpaka chakula kikaisha, na hilo peke yake lilistahili pongezi.

Nilimwendea mshereheshaji kabla ya zawadi. Nikamwomba amwite Kapteni aseme machache, na amkumbushe, kama kwa bahati tu, arudie yale aliyomwambia shemeji yake mlangoni mwa ndege. Mshereheshaji akasema hakuna neno.

Kapteni akasimama, akachukua kipaza sauti. Hakuona haya hata kidogo. Akawaambia watu wote kwamba yeye anayeruka angani anaogopa lifti. Ukumbi ukacheka. Akasema Ijumaa alikwama na mama yake, na aliyewatoa ni shemeji yake, fundi, aliyepanda na kushuka ghorofa zote kwa miguu kwa ajili yao. "Tunawapigia makofi marubani," akasema, "na huyu nani amempigia?"

Ukumbi mzima ukapiga makofi! Nikasimama. Nikainama kulia. Nikainama kushoto. Mabibi na mabwana wa meza za nyuma walinyanyuka kunitazama. Mama mkwe mwenyewe alipiga! Miwani mipya ilikuwa inameta. Nilitamani siku iishie hapo.

Haikuishia hapo. Kapteni bado alikuwa na kipaza sauti. Akasema ana jambo moja zaidi, linalomuuma. Meneja wa jengo alimpigia simu asubuhi kumjulia hali mama. Akamwambia kwamba lifti haikuwa mbovu. Swichi ilizimwa na mkono wa mtu. Kapteni akasema mama yao ana presha, jamani, na anaomba mtu yeyote anayemfahamu mwovu huyo amsaidie shemeji yake kumkamata.

Mimi bado nilikuwa nimesimama. Nilikuwa katikati ya kuinama.

Mke wangu akaitazama sahani yake. Mama mkwe alimwona binti yake akiitazama sahani. Akanigeukia taratibu. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena ili anione vizuri.

"Kaa chini, baba," akasema.

Hakusema kwa ukali. Nikakaa. Kapteni akatazama mama, akatazama dada yake, akanitazama mimi, na lile tabasamu lake likatoka polepole usoni kama taa inayopunguzwa. Akampa mshereheshaji kipaza sauti. Muziki ukaanza, na nadhani haujawahi kuanza kwa wakati mzuri zaidi.

Nje, karibu na jenereta, mke wangu akasema atabaki na mama yake siku kadhaa, mimi nirudi peke yangu. Nikamwambia nimeumia, kwamba watu walinipigia makofi kwa muda mfupi sana, halafu wakanyang'anywa nafasi ya kuendelea. Kisha akaniuliza lile shati jeupe nililolivaa wiki nzima, kila asubuhi likiwa safi, nani alikuwa analipiga pasi.

Sijui swali hilo limeingiaje hapa. Nimemjibu ni yeye, nani mwingine? Akanitazama kama anasubiri jambo. Nikamuuliza kama pasi imeharibika. Akaingia ndani.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Nimerudi. Ndege ya kurudi ilirushwa na rubani mwingine, mwanamke. Alitua kama anaweka yai mezani. Alikuwa amesimama mlangoni. Nikampita. Siku ya mawingu namwelewa mtu akipiga makofi. Siku ya jua, jamani?

Nyumba ni kimya. Shati limekunjamana. Nimekwenda kazini na ovaroli.

Kwenye jengo nikakuta lifti imejaa watu. Wamerudi! Nikajua walikuwa wananikosa. Nikaingia, nikapanda. Haikunung'unika. Ule mlio wa ghorofa ya tano, ambao nimekuwa nikiuambia uongozi kwa miaka kwamba ni wa kawaida, haupo. Mlango ukafunguka laini kama pazia.

Ni yule fundi aliyeletwa na meneja. Mama wa makamo, kifundo cha leso kichwani, alikuwa anafungasha vifaa vyake pale chini. Wakili wa ghorofa ya sita akapita, akamshika mkono, akamwambia asante sana, mama, magoti yetu yanakuombea. Mhasibu akamshukuru. Meneja akamshukuru, na kuniambia mimi kwamba tutaonana saa nane, na nisipande paani. Waziri akamfungulia mlango kwa mikono miwili!

Yule fundi hakuondoka. Alisimama mbele yangu na begi lake. Akaniuliza kama nimeijaribu. Nikasema nimeijaribu. Akaniuliza naionaje. Akasubiri, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesubiri kitu kidogo tu.

Nikamwambia mlango wa ghorofa ya nane bado unasitasita.

Hausitisiti. Ni mlango bora kuliko yote niliyowahi kuona. Lakini kaajiriwa kutengeneza, katengeneza. Ukianza kumzoesha mtu asante, kesho atataka makofi.